Barua ya wazi: Kabla hamjanunua rangi inayoua vijidudu, pimeni mwanga wa wodi

Kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Katibu Mkuu wa TAMISEMI, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania, na waganga wakuu wa mikoa yote.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya mkoa, na ni mjumbe wa kamati ya kinga na udhibiti wa maambukizi. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu jambo hili linaamuliwa kwenye vikao vya manunuzi ambako sisi watu wa maabara hatuitwi, na uamuzi ukienda mrama wanaoumia ni wagonjwa waliolazwa na wauguzi wanaokesha nao.

Ninazungumzia rangi za ukutani, dawa za kupulizia kwenye nyuso za vitu, na mashine za kusafisha hewa zinazouzwa kwa maelezo kwamba ndani yake mna kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Muuzaji anasema kichocheo hicho kitaua bakteria, virusi na ukungu usiku na mchana kwa miaka, bila kuongezwa kitu. Tangu wakati wa UVIKO-19 wauzaji wa aina hii wameongezeka, na vipeperushi vyao vinavutia. Ombi langu ni kwamba fedha ya umma isinunue bidhaa hizi mpaka muuzaji athibitishe kuwa zinafanya kazi chini ya mwanga uleule uliomo kwenye chumba zitakakowekwa, na mpaka madirisha ya chumba hicho yawe yanafunguka.

Sayansi iliyo nyuma ya bidhaa hizi ni ya kweli, na sitaki mtu asome barua hii akadhani naipinga. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo wanakemia wanalisimulia hadi leo: walimulika elektrodi ya titani dioksidi, kitu kile kile ambacho ndicho kichocheo katika nyingi ya bidhaa hizi, iliyozamishwa majini, na maji yakagawanyika kuwa oksijeni na hidrojeni. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake, huko huko Japani, wakaonyesha kwamba unga wa titani dioksidi wenye platini kidogo, ukiwekwa kwenye maji yenye bakteria au hamira na kumulikwa, unaviua.

Namna unavyoua inafaa kueleweka hata na mhasibu anayesaini hundi, kwa hiyo nitaieleza. Mwanga wenye nguvu ya kutosha ukigonga chembe ya titani dioksidi, elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha tundu. Tundu hilo linanyang'anya elektroni kutoka kwenye unyevu uliotanda juu ya chembe, na hapo inazaliwa radikali ya haidroksili, mojawapo ya vitu vikali kabisa vinavyojulikana katika kemia ya kuunguza. Ile elektroni iliyoruka nayo inaungana na oksijeni ya hewa na kutoa superoksidi. Vitu hivi vinaishi muda mfupi mno na havisafiri mbali. Lakini bakteria akiwa ametua hapo hapo, vinatoboa utando wake wa mafuta, vinaingia ndani na kuharibu protini na vinasaba vyake. Kichocheo chenyewe hakiliki katika kazi hiyo. Mwanga ukiendelea kuwepo, kazi inaendelea.

Kwa mtu wa maabara anayeona kila wiki vipimo vya usaha na mkojo vikirudi na bakteria asiyesikia dawa moja baada ya nyingine, hilo ni jambo kubwa. Radikali ya haidroksili haijali kama bakteria amezoea penisilini au seftriaksoni. Inamshambulia kila mahali kwa wakati mmoja. Ndiyo maana naitamani teknolojia hii, na ndiyo maana nakasirika nikiona inauzwa kama uchawi.

Tatizo la kwanza ni mwanga. Titani dioksidi ya umbo la anatasi, ambalo ndilo linalotumika zaidi kama kichocheo, haiamki kwa mwanga wowote tu. Inahitaji mwanga wenye urefu wa wimbi usiozidi nanomita 387 hivi, na huo ni mwanga wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Jua la mchana linao kwa wingi. Taa nyeupe za LED, ambazo sasa ndizo zinazofungwa karibu katika kila wodi na kila darasa, zinatoa mwanga wa urujuanimno mdogo kiasi cha kutokuhesabika. Taa za zamani za mirija zilivujisha kidogo, na baadhi ya matokeo mazuri tunayosomewa yalipatikana chini ya taa hizo. Nazo zinaondoka: chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, nchi zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na uingizaji wa taa za mirija zenye zebaki ukome ifikapo mwisho wa 2027. Kwa hiyo hospitali inayopaka rangi ya anatasi leo na kufunga LED kesho imenunua kichocheo na kukinyima mwanga wake.

Dirisha nalo halisaidii kama tunavyodhani. Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu nzuri ya mwanga wa urujuanimno wa aina ya A, ila kiwango kinaporomoka haraka kadiri unavyoondoka dirishani kuelekea ndani, na kitanda cha tatu kutoka dirishani kinapata kidogo sana. Ukibandika ile karatasi nyeusi ya kupunguza jua kwenye kioo, kama zilivyofanya ofisi na vyumba vingi vyenye kiyoyozi, hata hicho kidogo unakizuia. Ukining'iniza pazia zito, vivyo hivyo. Usiku taa zikizimwa ili wagonjwa walale, au umeme ukikatika, ukuta ule ni ukuta tu.

Najua muuzaji mzuri atajibu kwamba bidhaa yake ni ya kizazi kipya, inayoamka kwa mwanga wa kawaida unaoonekana. Zipo za namna hiyo kweli. Mwaka 2001 kundi la Ryoji Asahi katika maabara za utafiti za Toyota lilionyesha katika jarida la Science kwamba titani dioksidi iliyoingizwa naitrojeni inaweza kutumia mwanga unaoonekana, na baada yake wakaja watu wa tungsteni oksidi, na wa titani dioksidi iliyopambwa kwa shaba. Basi aonyeshe. Na hapa pana jambo moja ambalo kamati za manunuzi haziliulizi, nami naomba mliandike kwenye kila zabuni: bidhaa hiyo inaua kiasi gani gizani? Shaba na fedha vinaua bakteria hata pasipo mwanga. Bidhaa yenye shaba ikiua sawasawa gizani na mwangani, kinachofanya kazi pale ni shaba. Huenda bado ni bidhaa nzuri, ila tusilipishwe bei ya kichocheo cha mwanga kwa kazi ya shaba, ambayo tunaweza kuinunua kwa njia nyingine, tukajua inavyochakaa na inavyosafishwa.

Lipo na jingine linalofanana na hilo. Kipeperushi kikiandika kwa herufi kubwa kwamba rangi ina titani dioksidi, hakijasema kitu. Titani dioksidi ndiyo weupe wa karibu kila rangi nyeupe dukani. Imo kwenye dawa ya meno, imo kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Tena watengenezaji wa rangi za kawaida hutumia umbo jingine, rutili, na huzifunika chembe zake kwa tabaka jembamba la alumina au silika, kusudi jua lisiziamshe zikaanza kuila rangi yenyewe. Kwa maneno mengine, kiwanda cha rangi ya kawaida kinahangaika kuzuia kile kile ambacho huyu mwingine anatuuzia. Neno titani dioksidi likiwa ndilo ushahidi wote alionao mzabuni, kila duka la rangi pale Kariakoo lina haki ya kuleta zabuni.

Turudi kwenye ile asilimia 99.9 inayopambwa kwenye kila kipeperushi. Kwanza hesabu. Penye bakteria milioni moja, ukiua asilimia 99.9 wanabaki 1,000, na bakteria wengi katika joto la Mwanza au Tanga hawahitaji siku nyingi kurudi milioni. Pili, swali la mwanga gani, muda gani, na kijidudu gani. Kuna vipimo vya kimataifa kwa ajili hii, na ni vipimo vya kuheshimiwa. ISO 27447 hupima uwezo wa kuua bakteria chini ya mwanga wa urujuanimno. ISO 17094 hupima bakteria chini ya mwanga wa ndani ya nyumba. Vipo vingine kwa virusi na kwa kuvu. Katika kipimo cha bakteria unachukua kipande cha bidhaa cha sentimita 5 kwa 5, unadondoshea maji yenye bakteria, mara nyingi Staphylococcus aureus au E. coli, unafunika kwa utando wa plastiki unaopitisha mwanga, unakiweka kwenye unyevu na kukimulika kwa saa kadhaa, huku kipande kingine kama hicho kikikaa gizani kwa kulinganisha.

Ni kipimo kizuri cha kulinganisha bidhaa na bidhaa. Lakini tazameni masharti yake, kisha tembeleeni wodi ya magonjwa ya ndani saa tisa alasiri. Kipande cha maabara ni kisafi, wodi ina vumbi. Kipande kina unyevu, kitasa cha mlango ni kikavu. Kipande kimeachwa saa kadhaa bila kuguswa, kitasa kinashikwa na mtu mmoja na baada ya sekunde chache kinashikwa na mwingine. Na kwa kuwa zile radikali hazisafiri mbali, tabaka la jasho, la damu iliyokauka au la vumbi la barabarani linatosha kumkinga bakteria aliyekaa juu yake, kama mtu aliyesimama kwenye kivuli cha mwembe. Uso wenye kichocheo unahitaji kufutwa vizuri kuliko uso wa kawaida, kwa sababu ukichafuka umekufa kazi.

Hili nalisema kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nimewahi kusikia kwenye kikao hoja kwamba rangi hizi zitapunguza gharama za usafi. Naomba hoja hiyo isipewe nafasi katika ofisi zenu. Wahudumu wanaopiga deki wodi zetu na kufuta vitanda kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5 wanalipwa kidogo na wanaheshimiwa kidogo, na ndio wanaoua vijidudu wengi kuliko ukuta wowote ule. Siku tutakayompunguza mmoja wao kwa kutegemea rangi, tutakuwa tumeongeza maambukizi kwa fedha zetu wenyewe.

Sasa niseme lililo zito kuliko yote, nalo ni hewa.

Shirika la Afya Duniani limeiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mgonjwa akikohoa, matone madogo sana yanakauka yakiwa hewani na kubaki yanaelea kwa saa nyingi. Anayeambukizwa anayavuta kwa pumzi. Ukuta uliopakwa kichocheo cha bei kubwa kuliko vyote duniani hauwezi kumgusa mdudu ambaye hajaugusa ukuta, na safari ya chembe kutoka kinywa cha mgonjwa hadi pua ya muuguzi aliyeinama kumpima haipiti ukutani. Vivyo hivyo kwa surua na kwa UVIKO-19. Ni wepesi mno kusahau hili tunapotazama picha ya ukuta mweupe unaong'aa.

Kinachoondoa chembe hizo kimeshapimwa, tena katika nchi isiyo tajiri. Roderick Escombe na wenzake walichapisha mwaka 2007 kazi waliyoifanya katika hospitali nane za Lima, Peru. Walipima vyumba 70 vinavyotegemea hewa ya kawaida. Madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kwa kiwango cha kati cha mara 28 kwa saa. Kwa vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuvuta hewa, kiwango kinachopendekezwa ni mara 12. Na majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa yalifika mara 40, wakati yale mapya yanayotegemea madirisha yaliishia 17. Nilipoisoma mara ya kwanza niliwaza majengo ya Ocean Road pale Dar es Salaam, yaliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, na hospitali ya Kibong'oto iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, enzi ambazo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo na daktari alitegemea hewa, jua na chakula. Waliojenga enzi hizo hawakuwa na elimu tuliyo nayo, lakini kwa upande wa hewa walitushinda.

Hebu tujiangalie. Katika ukarabati mwingi wa siku hizi tumeng'oa madirisha ya luva na kuweka ya aluminiamu ya kusukuma pembeni. Dirisha la luva likifunguliwa, karibu uwazi wote unapitisha hewa. La kusukuma pembeni linafunguka nusu tu, kioo kimoja kikijificha nyuma ya kingine. Kwa mkataba mmoja wa ukarabati tumekata nusu ya hewa ya mgonjwa, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa jengo limependeza. Kisha tukafunga kiyoyozi cha ukutani, ambacho watu wengi hudhani kinaleta hewa ya nje. Kinapoza na kuzungusha hewa ile ile iliyomo ndani. Chumba cha daktari anayeona wagonjwa wanaokohoa kikiwa na kiyoyozi na dirisha lililofungwa, huyo daktari yuko hatarini kuliko mgonjwa aliyeko nje kwenye benchi chini ya mti.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa wodini, na lita 160 kwa vyumba vya magonjwa yanayoenea kwa hewa. Ningependa kuona hospitali ya mkoa ambayo imewahi kupima na kubandika ukutani inapata lita ngapi. Kifaa kidogo cha kupima kaboni dioksidi kinampa msimamizi wa wodi picha ya haraka: watu wakijaa na namba ikapanda, hewa haibadiliki. Ni kifaa rahisi ukilinganisha na chochote kinachoandikwa kwenye zile ankara za rangi.

Na kama tunataka mwanga utuulie vijidudu, upo unaofanya hivyo hewani pasipo kichocheo. Taa za urujuanimno za nanomita 254 zinafungwa juu, zaidi ya kimo cha mtu, zikimulika sehemu ya juu ya chumba tu. Pangaboi linapandisha hewa ya chini kwenda kwenye mwanga, na vijidudu vinafia huko juu. Hizi si habari mpya, zilianza kutumika miaka ya 1930. Escombe yule yule na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa VVU na kifua kikuu kwenye vizimba vya simbilisi (guinea pig) wa maabara. Waliovuta hewa isiyotibiwa waliambukizwa asilimia 35. Waliovuta hewa ya wodi hiyo hiyo taa za juu zikiwa zimewashwa waliambukizwa asilimia 9.5. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaziweka taa hizo katika mapendekezo yake ya kuzuia kifua kikuu, pamoja na uingizaji hewa. Zina masharti yake: balbu zinafifia, zinahitaji kufutwa vumbi na kupimwa na fundi aliyefundishwa, na zikifungwa vibaya zinaunguza macho na ngozi. Lakini ushahidi wake umepimwa kwa viumbe vinavyopumua, na mimi sijaona rangi ya ukutani iliyoletwa kwetu na ushahidi wa uzito huo.

Lipo na suala la usalama, ambalo kwenye vipeperushi halina hata mstari. Radikali inayokula bakteria inakula pia kila kitu chenye kaboni kilichoko karibu nayo: harufu za dawa za usafi, mvuke wa rangi, na gundi inayoshikilia rangi yenyewe ukutani. Ikimaliza kazi yote, kinachobaki ni kaboni dioksidi na maji. Ikiishia njiani, inatoa vitu vya katikati, na kimojawapo ni fomaldehaidi. Watafiti wa Lawrence Berkeley huko California walilipima jambo hili mwaka 2007 katika mashine za kusafisha hewa zenye taa ya urujuanimno na kichocheo, wakaona fomaldehaidi na asetaldehaidi zikizalishwa. Mwaka uliofuata watafiti wa Finland walizipima rangi za ndani zenye kichocheo, wakaona gundi za rangi zikivunjwa na kutoa mvuke wa aina hiyo hiyo. Fomaldehaidi sisi watu wa maabara tunaijua, ndiyo tunayohifadhia vipande vya nyama za wagonjwa ndani ya formalini, na tunaifungua chini ya mtambo wa kuvuta hewa. Siitaki kwenye wodi ya watoto wachanga.

Wafikirieni pia mafundi rangi. Mwaka 2006 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliiweka titani dioksidi katika kundi la 2B, yaani vitu vinavyoweza kuwa na uwezekano wa kusababisha saratani, wakiegemea ushahidi wa wanyama waliovuta vumbi lake. Ikiwa imeshikamana ukutani haina shida hiyo. Ikipuliziwa kama ukungu mwembamba na kijana asiye na barakoa ya maana, au ikipigwa msasa mwaka wa tatu rangi inapobadilishwa, hali ni nyingine. Mkataba wowote lazima useme nani anavaa nini, wagonjwa wanahamishiwa wapi, na chumba kinapumua muda gani kabla hawajarudishwa.

Baada ya kusema yote hayo, mtaniuliza kama kuna mahali ambapo ningekubali tuijaribu. Ninapo. Nchi yetu ina jua ambalo Tokyo na Helsinki wanalitamani. Mwanga wa urujuanimno wa jua la mchana nje ya jengo letu unapita mara nyingi kiwango kinachotumika kwenye kipimo cha ISO 27447. Kwa hiyo mahali penye haki ya kujaribiwa ni pale jua linapofika lenyewe: vigae vya baraza wanakosubiri wagonjwa, vizingiti vya madirisha, kuta za nje za vyoo zinazoota ukungu kila masika, masinki yaliyo kando ya dirisha linalotazama mashariki. Pale kichocheo kinapata chakula chake bure. Ndiyo sababu hata huko ng'ambo bidhaa hizi zilipata mafanikio yake makubwa kwenye vioo vya nje na saruji za nje, ambako kuna jua la kuziamsha na mvua ya kuziosha.

Na ikiwa ni ndani, basi tufanye jaribio la kweli. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina watu wa kulisimamia. Zichaguliwe wodi mbili zinazofanana, mojawapo ipakwe, nyingine ipakwe rangi ya kawaida ya weupe ule ule, na mafundi wa maabara wanaochukua sampuli wasiambiwe ipi ni ipi. Mwanga upimwe katika kila kitanda, asubuhi, adhuhuri na usiku. Sampuli zichukuliwe kwenye reli za vitanda, meza za dawa na vitasa, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, kwa mwaka mzima ili tuone rangi inavyochakaa kwa klorini na kusuguliwa. Fomaldehaidi nayo ipimwe. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atatoa ndoo kadhaa kwa jaribio hilo kwa furaha. Matokeo yachapishwe yakiwa mazuri au mabaya, hadharani, ili mganga mkuu wa Kigoma asianze upya kuuliza lililojibiwa Dodoma.

Kwa Shirika la Viwango, nawaomba mchukue viwango vya ISO vya vichocheo vya mwanga na kuvifanya vya Tanzania, na msiruhusu maandishi ya asilimia 99.9 kwenye ndoo bila kutaja mwanga wa aina gani, kiasi gani, kwa saa ngapi, juu ya kijidudu gani, na matokeo ya kipande kilichokaa gizani. Mwananchi anayenunua ndoo hiyo kwa ajili ya chumba cha mwanawe mwenye pumu ana haki ya maelezo hayo sawa na hospitali. Kwa Wizara na TAMISEMI, naomba mwongozo mfupi kwa wanaoandaa zabuni kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma: bidhaa ya kichocheo kwa matumizi ya ndani isikubaliwe kwa cheti cha ISO 27447 peke yake, kwa sababu cheti hicho kinazungumzia mwanga wa urujuanimno ambao wodi haina. Na kwenye kamati ya tathmini akae mtu wa maabara na muuguzi wa kinga ya maambukizi, hata kama mada imeandikwa ukarabati wa majengo.

Michoro ya majengo mapya ya afya nayo ipitiwe upya kwa jicho la hewa kabla ya jicho la urembo. Madirisha yafunguke kikamilifu, yakabiliane pande mbili za chumba, yawe na wavu wa mbu unaoweza kutolewa na kuoshwa, maana wavu uliojaa vumbi nao ni ukuta. Vyumba vya kliniki ya kifua kikuu vipewe taa za juu na fundi wa kuzihudumia, na bajeti ya balbu iandikwe pamoja na bajeti ya taa.

Naomba maelekezo hayo yafike mikoani kabla mipango kabambe ya afya ya halmashauri haijafungwa, maana mwaka wa fedha ukianza 1 Julai, kilichoandikwa humo ndicho kitakachonunuliwa.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mteknolojia wa maabara, hospitali ya mkoa